Ng'onda, Ngoma na Ufunguo wa Chumba cha Chai

Watu wakisikia nafanya kazi makumbusho huniuliza habari za pembe za ndovu, sarafu za kale, na kama kweli usiku mle ndani kuna majini. Sijawahi kuulizwa habari za chai ya saa nne. Na chai hiyo ndiyo iliyonipa kazi kuliko wezi, mvua za masika na hao majini wote ukiwajumlisha.

Kazi yangu ni stoo. Nalinda vile vitu ambavyo mgeni havioni kwa sababu havijapangwa ukumbini: ngoma, kofia za viua, mikeka ya ukindu, kanzu za darizi, misahafu iliyoandikwa kwa mkono, vipande vya chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi. Karibu vyote vilikuwa mnyama au mmea kabla havijapewa namba ya makumbusho, na mdudu hasomi namba. Ngozi ya ngoma kwake ni nyama kavu. Gundi ya jalada la kitabu cha zamani mara nyingi ni uji wa wanga tu. Uzi wa sufu ni nywele. Kwa hiyo mdudu aliyefuata kombo la andazi akamaliza, hana sababu ya kurudi alikotoka wakati rafu ya pili imejaa.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na wenzetu wa nchi za baridi, nayo huanza na kuziba. Ziba nyufa, weka brashi chini ya mlango, kagua madirisha, kwa kuwa panya mdogo hupenya kwenye tundu lenye upana wa milimita 6, upana wa kalamu ya risasi. Ushauri mzuri sana. Sisi jengo letu ni nyumba ya zamani ya mji wa pwani: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko, ua wazi katikati, na kila ukuta una matundu ndani kwa ndani ambayo hata fundi aliyeujenga asingeyajua yote. Kuziba nyumba kama ile ni kuziba chekecheo. Tena hatuna kiyoyozi cha jengo zima, na hewa ya pwani mdudu anaipenda kuliko sisi. Kilichobaki mikononi mwetu ni kimoja: akishaingia, asikute cha kula wala cha kunywa. Ndiyo maana nasema habari za chakula cha wafanyakazi si habari za jikoni. Katika jengo letu ndiyo habari yenyewe.

Nianze na ng'onda.

Mwenzetu mmoja wa ofisi ya ghorofani alikuwa na ndugu bara, na kila akipata mtu wa kumpa mzigo alikuwa anapitia sokoni kuwanunulia samaki wakavu na dagaa. Mzigo ukikaa ofisini, kwenye mfuko wa sandarusi chini ya meza, mpaka msafiri aje auchukue. Msafiri akichelewa, mzigo unalala. Ukilala Ijumaa, unalala hadi Jumatatu. Harufu hakuna aliyeijali. Pwani nani atamlalamikia mwenzake kwa harufu ya samaki?

Stoo iko chini ya ofisi hiyo. Kando ya kuta zake huwa tunaweka mitego ya gundi, vikaratasi vyenye ulimbo ndani, kila kimoja na namba yake na tarehe ya kuwekwa. Mtego hauui wadudu wa kutosha kuleta nafuu yoyote, kazi yake ni kupeleleza. Siku moja mtego wa karibu na rafu ya ngoma ukanasa buu la kahawia lenye manyoya. Nikaliweka chini ya lenzi: manyoya marefu mwili mzima, na mwishoni mwa mgongo vimiba viwili vilivyopinda. Nikaanza kushusha ngoma moja moja. Ya tatu au ya nne, pale ngozi inapokunjwa juu ya ubao na kupigiwa vigingi, kulikuwa na unga mwembamba, na ndani ya unga vijiganda vitupu ambavyo mabuu hujivua yanapokua. Ngozi ilikuwa imeliwa kwa chini, ukiitazama kwa juu iko salama. Ubao nao ulikuwa na vitundu vipya, kwa sababu buu la mdudu huyu likitaka kugeuka hutafuta kitu kigumu likichimbe lijifiche, hata kama kitu hicho halikili.

Jina lake la kitaalamu ni Dermestes maculatus. Wauza samaki wakavu wanamjua bila jina hilo, maana ndiye anayewaharibia mzigo. Ni mbawakawa mweusi, tumbo jeupe, urefu wake kati ya nusu sentimita na sentimita moja. Na nitasema na sifa yake: yapo makumbusho duniani yanayomfuga makusudi, kwani ukimpa mzoga atausafisha mifupa ibaki mitupu bila kuvunja hata kiungo kidogo cha popo. Ila wanaomfuga humweka jengo la peke yake, mbali na mikusanyo. Sisi tulikuwa tumempa ofisi ya ghorofani.

Yule mwenzetu hakuwa amevunja sheria yoyote, na hili ndilo lililonikaa kichwani. Sheria yetu wakati ule ilikuwa bango moja ukumbini lenye picha ya andazi lililopigwa mstari mwekundu. Ilikataza kula. Haikusema neno juu ya chakula ambacho hakiliwi, kinachosubiri tu: mzigo wa shangazi, kilo ya karanga iliyonunuliwa mchana ipelekwe nyumbani jioni, boksi la tende alilopewa mtu zawadi. Mdudu hahitaji wewe ule. Chakula kilichotulia bila kuguswa ndicho kinachomfaa zaidi.

Uongozi ukachukua hatua, na hatua yenyewe ikawa waraka. Chakula marufuku jengo zima isipokuwa chumba cha chai, atakayekutwa atachukuliwa hatua za kinidhamu. Waraka ukabandikwa, watu wakasoma, wakaguna.

Mimi nina daftari. Kila mtego ninapoukagua naandika namba yake, nimekuta nini na wangapi, wakubwa au wachanga. Daftari hilo likaanza kunionyesha jambo la ajabu. Mtego wa nje ya chumba cha chai ukapungukiwa wateja, viongozi wakafurahi. Lakini mitego ya ofisi za ghorofani, ambayo zamani ilinasa buibui na nzi waliopotea njia, ikaanza kunasa mende wachanga. Mende wachanga maana yake si mgeni aliyepita. Ni kwamba pale pana maskani.

Chakula hakikuwa kimetoka jengoni, kilikuwa kimejificha. Karanga nyuma ya mafaili. Biskuti ndani ya kasha tupu la wino wa printa. Kipande cha mkate juu ya kabati, kimefungwa gazeti, kimesahauliwa na mwenyewe hadi kikawa na rangi yake. Mtu mzima na cheo chake anajifungia ofisini na kitumbua, akimaliza anafuta makombo kwa kiganja, yanadondoka kwenye zulia, halafu anafungua mlango na kukaa vizuri. Kabla ya waraka makombo yale yangeonekana juu ya meza, na dada wa usafi angeyafagia. Sasa hakuna wa kuyafagia, kwa sababu hakuna wa kukiri kuwa yapo. Na droo ya mtu huwezi kuikagua bila kumvunjia heshima.

Katika hizo droo ndimo alimotoka mdudu wa pili, ambaye namwogopa kuliko wa ng'onda kwa sababu ni mdogo mno. Milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia iliyopauka, kichwa amekiinamisha chini ya mabega hivi kwamba ukimtazama kwa juu ni kama hana kichwa. Wataalamu wanamwita Lasioderma serricorne, na sifa yake kubwa duniani ni kula tumbaku. Lakini anakula pia bizari, pilipili manga, tangawizi kavu, tende, unga, majani makavu yaliyohifadhiwa kwa utafiti, na gundi ya vitabu. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo kwetu ni siku ya kawaida, anatoka yai hadi mdudu kamili kwa muda wa mwezi hivi, au mwezi na nusu. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 18 hakui. Huko Ulaya wanaweza kumzuia asiongezeke kwa kuzima tu mashine ya kupasha joto, nasi tumwombee nini?

Alianzia kwenye kopo la viungo vya chai. Mmoja wetu alikuwa hawezi kunywa chai isiyo na viungo vyake mwenyewe, mdalasini na tangawizi na iliki vilivyosagwa pamoja, na baada ya waraka akalihamisha kopo kutoka chumba cha chai hadi droo ya mezani, mfuniko nusu. Akaenda likizo. Aliporudi viungo vilikuwa vinatembea. Akalitupa kopo, akaona yamekwisha, hakumwambia mtu. Angemwambiaje na waraka upo? Habari nilizipata kwenye mgongo wa kitabu, stoo, vitundu vitatu vya duara kamili, safi, vidogo kama kichwa cha pini, na kila kimoja na chembe za unga chini yake. Yule mdudu hutafuna ndani akiwa buu, hutoboa nje akishakuwa mkubwa. Kwa hiyo ukiliona tundu umechelewa, aliyelitoboa ameshaondoka. Nilikaa na lenzi nikilinganisha mabawa, maana ana binamu yake, Stegobium paniceum, anayefanana naye sana, ila huyo mgongo wake una mistari ya vishimo vilivyopangika na wa kwetu mgongo ulikuwa laini. Kwa kitabu haikuwa na tofauti, wote wawili wanakula gundi. Kwangu ilinisaidia kujua nitafute chanzo cha aina gani.

Nikaenda kuzungumza na Babu.

Babu ni mlinzi wetu wa usiku, na jina hilo tulimpa kwa umri. Mtego uliokuwa chini ya ngazi, hatua chache kutoka mlango wa nakshi tuliouweka maonyeshoni, ulikuwa unajaa mende kuliko mitego yote, nami nilikuwa najua kwamba mende hutembea usiku. Nikachelewa kuondoka siku hiyo makusudi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekuja kunikagua?"

Nikamwambia nimekuja kukagua mitego.

"Ya panya, au ya mimi?" Akacheka, nami nikacheka, lakini niliona hakufurahi. Akanionyesha hotpoti lake chini ya ngazi, limefunikwa kitambaa kisafi, na pembeni chupa ya chai. "Mwanangu, nyinyi mna chumba cha chai. Saa kumi mnakifunga, ufunguo unakwenda nyumbani na bibie wa utawala. Mimi naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikile wapi chakula changu? Hapa pana taa, na mvua haipigi."

Sikuwa na jibu, na waraka haukuwa nalo. Wote waliouandika walikuwa watu wa mchana. Kanuni nzima ya chakula ilikuwa imetungwa kwa saa nane za kazi, na jengo lina saa ishirini na nne. Saa zilizobaki ndizo za mende.

Kesho yake niliandika barua fupi kwa uongozi, nikaambatisha kurasa za daftari. Niliomba mambo mawili: waraka uondolewe, na chumba cha chai kihamishwe. Kuomba waraka uondolewe kulileta maneno. Wengine waliona ni kama kusalimu amri. Kilichonisaidia ni mwenzetu aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya uhifadhi wa kinga, yaani kuzuia uharibifu kabla haujatokea, Mombasa, kwenye kile kituo cha kuendeleza makumbusho na urithi Afrika kilichoanza mwaka 2000 kwa jina la PMDA na baadaye kikaitwa CHDA. Yeye aliwaeleza kwa lugha yao: katazo ambalo huwezi kulisimamia linakuondolea taarifa, na kwenye kazi yetu taarifa ndiyo dawa. Wakakubali kwa shingo upande.

Chumba kipya kilikuwa stoo ya mafagio, ng'ambo ya ua, nje kabisa ya jengo lenye mikusanyo, karibu na bomba. Sakafu ya saruji, vigae ukutani hadi kifuani. Kabati ni la bati, lina miguu mirefu ili ufagio upite chini, na limesogezwa mbali na ukuta ili mtu aweze kuchungulia nyuma yake. Ndani, kila mtu na chombo chake chenye jina lake. Tulianza na mifuko ya plastiki ya kufunga, panya wakaitafuna wiki hiyo hiyo. Tukaenda kwenye makopo ya plastiki, nayo yale membamba yakatobolewa pembeni. Mitungi ya kioo na makopo ya bati ndiyo iliyodumu. Sukari, majani ya chai na viungo vya yule bwana vyote vimo kwenye kioo, na mtu anaona kwa macho yake kama kuna kinachotembea.

Sisimizi walitusumbua zaidi ya nilivyotegemea. Ushauri wa kila mmoja ulikuwa ule wa bibi zetu, miguu ya kabati uitie kwenye vikopo vya maji. Unafanya kazi, tatizo ni kwamba maji yakisahauliwa wiki moja unafuga mbu, na unampa mende kile anachokitafuta kuliko chakula. Mende huvumilia njaa kwa wiki kadhaa, kiu hakivumilii hivyo. Tukaacha vikopo, tukapaka miguu ya kabati mafuta ya mgando, na dada wa usafi huyafuta na kuyapaka upya yakishashika vumbi.

Maji yenyewe ni somo la peke yake. Watu wanafagia makombo vizuri, halafu wanaacha dodoki limelowa pembeni ya sinki usiku kucha. Friji nayo, ukiigeuza nyuma, chini karibu na mota kuna kisahani kinachokusanya maji yanayotiririka kutoka ndani. Pana joto, pana giza, pana maji. Mara ya kwanza nilipokivuta kile kisahani mbele ya wenzangu, kulikuwa na ukimya, kisha mtu akasema, "Basi hapa ndipo wanapooana." Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kukimwaga.

Na maboksi. Hili nalirudia kila anapokuja mfanyakazi mpya. Boksi la duka, lenye mikunjo ndani ya karatasi, ni gari la mende. Jike wa yule mende mkubwa mwekundu hubandika kijifuko cha mayai, cheusi, urefu wa milimita 8, mayai 15 hivi ndani yake, na hupenda kukibandika penye ufa. Boksi lote ni ufa. Bidhaa zinatolewa mlangoni, boksi linaondoka siku hiyo hiyo, hata kama ni zuri kiasi gani na hata kama mtu analitaka la kuwekea nyaraka. Hasa kama analitaka la kuwekea nyaraka.

Taka hazilali. Pipa ni la kukanyaga, lenye mfuniko, na linatoka kabla ya adhana ya magharibi. Kinachobaki baada ya hapo ni cha Babu, na Babu analo kopo lake, kwa sababu ufunguo wa chumba cha chai siku hizi unatundikwa kwenye kibanda cha walinzi. Bibie wa utawala alihofia sukari. Sukari imepungua kweli, sina ubishi, na bado ni rahisi kuliko kushona upya ngozi ya ngoma ambayo aliyeitengeneza ameshafariki.

Wapo waliouliza tangu mwanzo kwa nini tusipulize dawa tukamaliza. Dawa ya kopo ya dukani ikipulizwa karibu na nguo au karatasi huacha mafuta na doa. Lile gesi la kufukizia ambalo zamani lilikuwa mkombozi wa maghala, methili bromidi, liliwekwa kwenye Mkataba wa Montreal kwa sababu linakula tabaka la ozoni, na nchi zetu zilitakiwa kuacha matumizi yake ya kawaida ifikapo 2015. Sumu ya panya nayo ina hila yake: panya anakula, anakwenda kufia ndani ya ukuta wa matumbawe usikoweza kumfikia, na mzoga wake unakuwa karamu ya nani? Ya yule yule mbawakawa wa ng'onda. Kwa panya sisi tunatumia mitego ya kubana, na tunaikagua kila asubuhi.

Kuna la sumu ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililowanyamazisha waliokuwa wakila stoo kwa siri. Vitu vilivyokusanywa zamani, hasa ngozi na wanyama waliojazwa, vilikuwa vikipakwa arseniki ili wadudu wasivile, na baadaye vikapuliziwa DDT. Arseniki haiozi wala haiishi nguvu. Mtu aliyeshika kitu kama hicho asubuhi akashika andazi saa nne bila kunawa, anakula alichokikataa mdudu. Nilipolisema hilo kikaoni sikuhitaji bango. Sinki la kunawia liko mlangoni mwa stoo sasa, pamoja na glovu na sabuni, na koti la stoo haliingii chumba cha chai.

Paka pia alipendekezwa, bila shaka. Mji wetu una paka kila kichochoro, na mmoja alikwisha jiajiri mwenyewe uani. Nilikumbushwa hata jumba la makumbusho la Hermitage kule St. Petersburg, ambako paka wapo tangu karne ya 18, malkia Elizabeth wa Urusi alipoagiza mwaka 1745 waletwe kuwinda panya. Ni kweli, ila paka wale makazi yao ni vyumba vya chini, hawatembei maonyeshoni. Wa kwetu aliachwa uani. Ndani ya jengo manyoya yake ni chakula cha mabuu ya wadudu wa mazulia, na sahani yake ya samaki tunaijua hadithi yake.

Wageni wana mambo yao. Watoto wa shule wanakuja na vifurushi vya chakula, hao ni rahisi, wanakula kwenye benchi za uani na mwalimu wao anasimamia kuokota. Futari ya Ramadhani tunaila pamoja, kwenye mikeka ya kawaida, uani, na tende zinawekwa friji kuanzia siku zinapofika kwa kuwa tende za rundo huwa zimekwisha pata wapangaji tangu dukani. Kigumu ni harusi. Makumbusho yanakodisha ua, fedha tunaihitaji, na sherehe ikiisha saa nane za usiku kuna punje za pilau kwenye kila ufa wa sakafu. Tulipigania kipengele kimoja tu kwenye mkataba wa kukodisha: usafi unafanyika usiku ule ule, kabla mkodishaji hajarudishiwa amana yake. Asubuhi ni kuchelewa. Maharusi wengine wananung'unika, lakini amana ni amana.

Ile ngoma na kile kitabu tulivitibu kwa baridi. Unakifunga kitu ndani ya nailoni nzito, unatoa hewa kadiri inavyotoka, unakiweka kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa unakiacha ndani ya nailoni siku nzima, ili unyevu ugande nje ya nailoni na si juu ya ngozi. Si kila kitu kinastahimili: kiti cha enzi chenye vipande vya mfupa na pembe hakiingii friza, na picha ya rangi za mafuta hali kadhalika.

Friza la makumbusho ni moja, liko stoo, na lina maandishi makubwa. Asubuhi moja nilifungua nikakuta samaki changu wawili, wamefungwa gazeti, wamelala ubavuni mwa mkeka uliokuwa kwenye matibabu. Nilikasirika. Ubaya wake si harufu tu: friza likifunguliwa ovyo ovyo baridi inapanda na kushuka, na wapo wadudu ambao wakipozwa polepole wanajizoesha, wanavumilia. Mkeka ule nilibidi niuanze upya. Lakini sikumtafuta mwenye samaki. Nilikwenda chumba cha chai kwanza, nikafungua friji la kule, lilikuwa la moto. Mota ilikuwa imekufa siku nyingi na maombi ya fundi yalikuwa yamelala kwenye trei ya mtu.

Nikaandika ombi la friji jipya la chumba cha chai, nikaliweka chini ya kasma ya uhifadhi wa mikusanyo. Mhasibu akaniita. Akataka kujua tangu lini friji la kuwekea maziwa likawa kifaa cha kuhifadhi vitu vya kale, na kwa nini nisilipeleke kwenye ustawi wa watumishi kama watu wengine. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mtego wa ghorofani kabla ya chumba kuhamishwa na baada yake. Kisha nikamwambia yeye mwenyewe anajua ni kasma ipi inayokatwa ya kwanza kila bajeti ikibanwa. Akatazama kurasa zile, akauliza yule mdudu wa viungo anafananaje, nikamchorea. Akafungua droo yake ya chini, akatoa pakiti ya korosho, akaiweka juu ya meza kati yetu. Saini aliitia baada ya hapo, na korosho nikaondoka nazo.